systemd, rc ya FreeBSD, OpenRC au runit: nani anajua kweli kwamba mtandao uko tayari?

Asubuhi moja ya masika umeme ulikatika ofisini kwa mteja wangu hapa Dar es Salaam, ukarudi baada ya kama saa moja. Saa mbili na nusu simu ikaita.

"Kaka, umeme umerudi lakini mfumo haufunguki."

"Pole, dada. Seva inawaka?"

"Inawaka. Na intaneti ipo, WhatsApp inapokea."

Nikaingia kwenye seva kwa ssh, nikakuta kila kitu ni kijani. `systemctl`, amri ya kuulizia hali ya huduma, inasema PostgreSQL, hifadhidata ya mfumo ule, iko active. Nikiandika `psql` palepale kwenye seva, naona data yote. Lakini kompyuta ya mapokezi na ile ya uhasibu zote zinakataliwa kuunganishwa. Ilinichukua karibu nusu saa kuufikia mstari huu kwenye logi:

```
WARNING: could not create listen socket for "192.168.8.10"
```

Seva ile ilikuwa ikipewa anwani na ruta ya 4G kwa DHCP, yaani ruta ndiyo inayogawa anwani. Umeme uliporudi, vyote viwili viliwaka kwa wakati mmoja. Seva ina SSD, kwa hiyo ilimaliza kuwaka kabla ya dakika moja. Ruta ilitumia zaidi ya dakika tatu. PostgreSQL ilipoamka ilisoma `listen_addresses`, orodha ya anwani za kusikiliza, ikakuta imeandikiwa `localhost` (mashine yenyewe) na 192.168.8.10, ikajaribu ile ya pili na kukuta mashine haina anwani hiyo bado. Ikatoa onyo, ikaendelea na `localhost` peke yake. Ndivyo ilivyotengenezwa: hukataa kuwaka pale tu inapokosa anwani zote, ikipata hata moja inasonga mbele. Anwani ilipofika baadaye, PostgreSQL haikuwa na habari nayo tena.

Nginx, programu ya kuhudumia tovuti, ingekuwa mahali pake ingekufa hapohapo, kwa kosa namba 99, `Cannot assign requested address`. Na ningependelea hivyo, kwa sababu huduma iliyokufa inaonekana. Huduma iliyo hai nusu inakuibia asubuhi nzima.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza atumie mfumo gani wa kuwasha huduma kwenye seva yake, kati ya hii minne ya kwenye kichwa cha habari, naanza na swali moja kabla ya mengine yote: mashine yako ikiwaka kabla ya mtandao, nani anasubiri, na anasubiri nini hasa? Ulinganisho huu unafuata swali hilo.

Maneno matatu yanayochanganywa

Kuna mpangilio: nani atangulie. Kuna utegemezi: ukimwita huyu, nani aletwe pamoja naye. Na kuna utayari: aliyetangulia amefika lini mahali pa kutumika. Unaweza kuwa na la kwanza bila la tatu, na hapo ndipo seva nyingi huangukia. Kusema "hifadhidata ianze baada ya mtandao" hakuna maana yoyote mpaka useme mtandao "umeanza" lini.

Mtandao wenyewe una ngazi zake. Kebo ina ishara. Kadi ina anwani. Kuna njia ya kutokea nje. DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, inajibu. Mashine ya upande wa pili inajibu. Kila ngazi inaweza kuchelewa kivyake. Kwenye IPv6 kuna hata nusu ngazi: anwani mpya hukaa kwa muda, kama sekunde moja, ikikaguliwa isije ikawa inatumiwa na mashine nyingine, na katika muda huo programu haiwezi kuishika ingawa ukiitafuta kwa `ip addr` unaiona imeandikwa pale. Mifumo tunayoilinganisha inatofautiana zaidi ya yote katika ngazi inayoichagua na kuiita "tayari".

systemd

Hii ndiyo utakayoikuta kwenye aina nyingi za Linux: kwenye Debian tangu toleo la 8 la mwaka 2015, kwenye Ubuntu, Fedora, na RHEL tangu toleo la 7. Lennart Poettering aliitangaza mwaka 2010, na wazo lake kubwa lilikuwa kuwasha huduma kwa mpigo badala ya kuzipanga foleni. Kwa hiyo hakuna foleni mpaka uiandike mwenyewe. Huduma yenye `Requires=` ya nyingine, bila `After=`, itawashwa sambamba nayo. Na yenye `After=` peke yake itasubiri tu kama yule mwingine ameitwa na mtu. Mistari hii miwili ni mambo mawili tofauti, nami nimekagua faili nyingi ambamo umeandikwa mmoja na mwenye faili akaamini ameandika yote.

Kwenye mtandao kuna majina mawili ya kuyatofautisha. Yote ni target, yaani vituo ambavyo huduma hupangwa kabla au baada yake. `network.target` maana yake ni kwamba programu za kusimamia mtandao zimewashwa. Haisemi lolote kuhusu anwani. Kazi yake kubwa iko upande wa kuzima: huduma iliyowekwa baada yake itazimwa kabla mtandao haujaondolewa. `network-online.target` ndiyo inayosubiri kweli, lakini haiji yenyewe, lazima iitwe:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
```

Anayeamua kwamba mtandao "uko hewani" si systemd yenyewe, ni huduma ndogo ya msimamizi wa mtandao: `NetworkManager-wait-online` au `systemd-networkd-wait-online`, kutegemea unatumia yupi. Hiyo ya pili husubiri sekunde 120 kwa kawaida, na husubiri kadi zote inazozisimamia. Seva yenye poti mbili za mtandao, moja ikiwa haina kebo, itakaa dakika mbili nzima kila inapowashwa. Wengi hukasirika na kuizima kabisa huduma hiyo, na hapo wanaondoa na kinga yenyewe. Dawa sahihi ni kuandika `RequiredForOnline=no` kwenye faili la ile kadi isiyotumika, au `optional: true` kama uko kwenye netplan ya Ubuntu.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Sekunde 120 zikiisha bila mtandao, ile huduma ndogo inahesabiwa kuwa imeshindwa, lakini `network-online.target` inafikiwa vilevile, kwa sababu uhusiano wao ni wa `Wants`, si wa lazima. Huduma zako zinaachiliwa ziwake bila mtandao. Kwa seva ya mteja wangu, yenye ruta ya dakika tatu, kusubiri huku kungechelewesha kosa kwa dakika mbili na kisha kulirudisha lilelile. Halafu hakuna anayeangalia tena baada ya hapo: mtandao ukikatika saa sita mchana, target hiyo haibadiliki.

Basi nguvu ya systemd iko wapi? Mimi naiona pengine kabisa: inajua kuamsha aliyeanguka. Ila hata hapo kuna mtego. `Restart=on-failure` peke yake hurudia baada ya milisekunde 100, na kikomo cha kawaida ni kuwashwa mara tano ndani ya sekunde 10. Huduma inayokufa papo hapo inamaliza nafasi zake zote ndani ya muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi, kisha systemd inaiacha imelala. Ongeza `RestartSec=5` na kikomo hakifikiwi kamwe, maana ndani ya sekunde 10 zinaingia mbili au tatu tu. Mstari huo mmoja umeniokoa mara nyingi kuliko target zote.

Na ukitumia Debian, tazama faili la `ssh.service` kwa macho yako. Lina `Restart=on-failure`, lakini pia lina `RestartPreventExitStatus=255`, na sshd, programu inayopokea wanaoingia kwa ssh, ikikosa kushika anwani yoyote hutoka kwa namba hiyohiyo 255. Maana yake, ukiweka `ListenAddress` ya anwani moja inayochelewa, ssh inakufa na hairudishwi. Mlango wako pekee wa kuingilia unafungwa kutoka ndani, na wewe uko kilomita 600. Acha ssh isikilize anwani zote, kisha umchuje anayeingia kwa firewall.

Utayari wa huduma yenyewe, mbali na mtandao, systemd inaupima vizuri kwa wenye kukubali kusema. Kwa `Type=notify`, programu hutuma ujumbe wa `READY=1` ikimaliza kujiandaa, na anayeisubiri haanzi kabla ya hapo. PostgreSQL inaweza kufanya hivyo tangu toleo la 9.6. Kuna pia njia ya soketi: systemd inafungua poti mapema, wateja wanapanga foleni kwenye kerneli, na huduma inawashwa baadaye. Ukiongeza `FreeBind=yes` kwenye faili la soketi, poti inashikwa hata kama anwani haijafika bado. Kwa programu zinazokubali kupokea soketi kwa njia hiyo, nasema bila kusita, hili ndilo jibu safi kuliko yote kwenye Linux.

rc ya FreeBSD

Huku ni dunia nyingine: FreeBSD si Linux, ni mfumo endeshi wa familia ya BSD. Mfumo huu aliuandika Luke Mewburn kwa ajili ya NetBSD 1.5 ya mwaka 2000, FreeBSD ikauchukua katika toleo lake la 5.0 la 2003. Kila skripti ya `/etc/rc.d` hubeba juu yake maelezo mafupi:

```
# PROVIDE: hesabu
# REQUIRE: NETWORKING postgresql
# KEYWORD: shutdown
```

Programu ya `rcorder` husoma maelezo hayo yote na kutoa orodha moja iliyonyooka. Ukitaka kuiona, andika `service -r` na utasomewa majina kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Unyoofu huo naupenda sana. Unaweza kuuchapisha kwenye karatasi, ukaubandika ukutani pembeni ya seva, na ukasema kwa uhakika nini kitatangulia nini.

Lakini usidanganywe na jina `REQUIRE`. Linapanga, halileti. Kama PostgreSQL haijawezeshwa kwenye `rc.conf`, faili la mipangilio, huduma yako ya `hesabu` itawashwa bila hiyo na bila malalamiko. Anayehamia huku kutoka systemd aione `REQUIRE` kuwa ndugu wa `After=`.

Kwenye mtandao ndiko FreeBSD inakoishinda systemd kwa uaminifu, kwa maoni yangu. Ina skripti iitwayo `netwait`, nayo haiulizi kama kadi ina anwani. Inapiga ping, yaani inaibishia hodi mashine nyingine na kungoja ijibu:

```
ifconfig_em0="SYNCDHCP"
netwait_enable="YES"
netwait_ip="192.168.8.1 1.1.1.1"
netwait_timeout="180"
```

Inapitia orodha hiyo kwa zamu mpaka mmoja ajibu, au muda wa kila anwani uishe. Kawaida ni sekunde 60, hapa nimeweka 180 kwa ajili ya ruta za kwetu. `SYNCDHCP` inailazimisha mashine ingoje anwani kabla ya kuendelea. Ukiandika `DHCP` tupu, uombaji wa anwani unafanyika pembeni huku huduma nyingine zikiendelea kuwaka, ingawa hata hapo kuna subira ya hadi sekunde 30 iliyowekwa katika `defaultroute_delay`.

Kwa nini ping ni bora kuliko anwani? Chukua ofisi yenye swichi nzuri iliyowashiwa itifaki ya spanning tree ya zamani, ile ya kuzuia data isizunguke bila mwisho kati ya swichi. Kebo ikipata ishara, swichi haipitishi data mara moja: inasikiliza sekunde 15, inajifunza sekunde 15, ndipo inafungua. Seva yenye anwani ya kudumu itaona taa ya kijani kwenye poti, itajipa anwani, na systemd itatangaza kwamba mtandao uko hewani huku kwa nusu dakika nzima hakuna hata pakiti moja inayopita. `netwait` haidanganyiki hapo. Kwenye Linux utalazimika kuandika huduma yako ndogo ya kupiga ping, ya `Type=oneshot`, na ukumbuke kuiwekea `TimeoutStartSec=`, maana aina hiyo haina kikomo cha muda isipopewa, na ruta ikifa kabisa seva itakaa ikipiga ping mpaka kesho.

Udhaifu wa FreeBSD ni uleule unyoofu wake. Orodha ni moja, kwa hiyo anayesubiri anawasubirisha wote walio nyuma yake, hata huduma isiyo na haja na mtandao. Skripti za kuwasha zisipokwisha, hata mahali pa kuandika jina na nywila kwenye skrini hapatokei. Na rc haimfuatilii aliyeanguka. Ikifa, imekufa, labda uifunge ndani ya programu ya `daemon` kwa `-R 5` ili irudishwe kila baada ya sekunde tano.

OpenRC

Ilianzia Gentoo kwa mkono wa Roy Marples, na leo wengi wanaikuta kwenye Alpine; zote mbili ni aina za Linux. Naiona iko katikati ya hizo mbili. Ndani ya skripti unaandika unachotaka kwa maneno ya kawaida:

```
depend() {
    need postgresql
    use dns
    after firewall
}
```

`need` ni ya lazima: analeta, anapanga, na aliyehitajika akishindwa, huyu naye hawashwi. `use` ni "kama yupo". `after` ni mpangilio mtupu. Kwa kufundishia dhana hizi sijaona mfumo ulio wazi kuliko huu, na kijana anayeanza namshauri asome skripti za OpenRC hata kama kazini atatumia kitu kingine.

Mtego wake uko kwenye `need net`. Waandishi wa OpenRC wenyewe wanaonya juu yake, nami nakubaliana nao. `net` ni jina la jumla linalotolewa na huduma yoyote ya mtandao. Seva ikiwa na kadi mbili, je, moja ikiwaka inatosha au zote? Jibu liko kwenye `rc_depend_strict` ndani ya `/etc/rc.conf`: `YES` inadai zote, `NO` inaridhika na yoyote. Na huduma inayosikiliza anwani zote haihitaji `need net` hata kidogo. Ukiweka, kebo ikichomoka huduma hiyo haitawashwa kabisa, ilhali ingeweza kuwaka na kungoja kwa amani. Kama kweli unamtegemea mtu mmoja, mtaje kwa jina kwenye faili la `conf.d` la huduma yako: `rc_need="net.eth0"`.

Kuhusu utayari, skripti ya `start` ikirudi bila kosa, huduma inahesabiwa imeanza. Kwa anayetaka zaidi kuna huduma ya `net-online`, ambayo inaweza kupiga ping ukiiruhusu kwa `include_ping_test=yes`. Si wengi wanaoijua, na inastahili kujulikana.

runit

Ya Gerrit Pape, na Void Linux imeifanya msingi wake. Haina mpangilio kabisa. Huduma zote zinawashwa pamoja, kila moja ina skripti ya `run`, na ikitoka inarudishwa. Ikitoka mapema mno, runit inangoja sekunde moja kwanza. Unataka kusubiri mtandao? Jikague mwenyewe mlangoni:

```
#!/bin/sh
ip -4 addr show dev eth0 | grep -q 'inet 192\.168\.8\.10/' || exit 1
exec chpst -u postgres postgres -D /var/lib/postgresql/data
```

Soma mistari hiyo tena ukiwa na kisa cha asubuhi ile kichwani. Seva inawaka, anwani haipo, skripti inatoka. Baada ya sekunde moja inajaribu tena. Na tena. Ruta ikichukua dakika tatu, ikichukua saa nzima, hakuna kikomo kinachoisha. Siku anwani itakapofika, hifadhidata inawaka ikiwa nayo mkononi. Na inapimwa anwani ileile ninayoihitaji, si "mtandao" wa jumla. Tatizo langu lingeisha kwa mstari mmoja ambao mtu yeyote anayejua shell anaweza kuusoma.

Gharama yake ni kwamba kila kitu unakibeba wewe. Huduma 40 zinazotegemeana zitakuwa skripti 40 zinazokaguana, na hakuna amri ya kukuonyesha picha nzima. Ukiipenda njia hii lakini unataka utegemezi na utayari uliopangwa vizuri, tazama s6 na s6-rc za Laurent Bercot, ambako huduma husema iko tayari kwa kuandika alama ya mstari mpya kwenye njia ya kuandikia (file descriptor) iliyokabidhiwa. Ni kazi safi, ila jiandae kusoma sana.

Mbili za haraka

OpenBSD haina grafu ya utegemezi kwa vifurushi vyako. Huduma ulizosakinisha zinawashwa kwa mfuatano ulioandikwa kwenye `pkg_scripts`, zinazimwa kwa kinyume chake, na unaupanga upya kwa `rcctl order`. Kwa firewall au seva ndogo ya huduma tano inatosha kabisa.

launchd ya macOS, iliyokuja na Tiger mwaka 2005, iliukataa mpangilio tangu mwanzo: poti zinafunguliwa mapema, huduma inaamka ikiitwa. Zamani ilikuwa na ufunguo wa `NetworkState` wa kuwasha huduma mtandao ukiwepo. Apple iliuondolea kazi, na mwongozo wao unakiri kwamba haukuwahi kufanya walichokitarajia watumiaji wengi. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha ugumu wa swali lenyewe, hata kwa kampuni inayotengeneza mashine na programu zake zote.

Kwa kutazama upesi

| | Nani anapanga | "Mtandao tayari" maana yake | Huduma ikifa |
|---|---|---|---|
| systemd | Wewe, kwa `After=` na `Wants=` | Kadi zimepewa anwani, au muda umeisha | Inarudishwa ukiagiza |
| FreeBSD rc | `rcorder`, orodha moja | Ping imejibiwa, ukiwasha `netwait` | Imekufa |
| OpenRC | `depend()` | Skripti ya mtandao imerudi, au `net-online` | Inarudishwa ukitumia `supervise-daemon` |
| runit | Hakuna | Chochote utakachokipima | Inarudishwa daima |

Ningechagua nini

Kama unakodi seva kwenye kituo cha data Frankfurt au Johannesburg, mtandao hauchelewi, na systemd uliyoikuta inakutosha. Weka `RestartSec=5` kwenye huduma zako na uendelee na kazi nyingine. Kama ni seva ya ofisi, shule au zahanati, ambako umeme hukatika na ruta huamka baada ya seva, usiegemee target yoyote yenye kikomo cha muda. Hapo nina chaguo mbili tu. Mashine ya kazi moja au mbili naiwekea runit. Kwa kazi nyingi nabaki na systemd, lakini nahakikisha hakuna huduma inayodai anwani ambayo huenda haijafika. FreeBSD naiweka pale ambapo seva haina maana yoyote bila mtandao, kama lango au proksi, maana hapo kuwasubirisha wote si hasara. OpenRC naichukua ninapotaka Alpine kwa sababu ya wepesi wake.

Wenye Docker Compose, inayowasha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena, wajue kwamba mambo haya yamewafuata hadi ndani ya kontena. `depends_on` tupu husubiri kontena lianze, si hifadhidata iwe tayari. Andika `condition: service_healthy` pamoja na `healthcheck` inayouliza kweli, kwa mfano `pg_isready`.

Na faili za mbali za NFS, tafadhali usizifunge kwenye kuwaka kwa mashine. Kwenye systemd weka `x-systemd.automount` katika `fstab`, ili zishikwe mtu anapozigusa, si kabla.

Kwa mteja wangu tulibaki na Debian na systemd. Nilibadilisha `listen_addresses` kuwa `'*'`, nikaandika kwenye `pg_hba.conf` kwamba wanaoruhusiwa ni wa 192.168.8.0/24 tu, na firewall ikafunga wengine. Anwani ya jumla ipo siku zote, hata kebo ikiwa imechomolewa, kwa hiyo hakuna cha kusubiri.

Kisha tukafanya jaribio ambalo sasa nalifanya kila ninapokabidhi seva. Ilikuwa Jumamosi, ofisi tupu. Kwanza nilirudisha mipangilio ya zamani. Tukazima ruta, tukawasha seva, tukahesabu dakika tano kwa saa ya mkononi, ndipo tukawasha ruta. Kwenye seva, `ss -ltn`, amri ya kuonyesha poti zinazosikilizwa, ikaonyesha PostgreSQL kwenye 127.0.0.1:5432 (mashine yenyewe) peke yake, kosa lilelile mbele ya macho yetu. Nikarudisha mipangilio mipya, tukaanza upya: ruta chini, seva juu, dakika tano. Safari hii ikaonyesha 0.0.0.0:5432, yaani anwani zote, tangu mwanzo. Yule dada alikuwa amekaa mapokezi, akibofya kitufe cha kufungua mfumo mara kwa mara. Taa ya ruta ilipotulia, nikamsikia kutoka chumba cha pili: "Umefunguka, kaka."